Tahadhari Niliyoitia Fremu

Mwanangu Mwajuma,

Salamu ni za watu walio mbali, na wewe mpaka kesho asubuhi uko nyumbani, unamsikiliza mama yako akikunja vitenge vyako na kuvikunjua tena. Lakini barua bila salamu ni kama sahani ya bukari bila samaki. Kwa hiyo hujambo. Mimi sijambo, mgongo tu.

Ninakuandikia hapa bironi, kwenye meza yangu ya kazi, mchana huu, kwa sababu jirani amewasha jenereta na ameniruhusu waya mmoja. Barua nimeiandika vile ulivyonifundisha. Haina fremu wala maua ya pembeni. Haina hata yule njiwa mwenye bahasha mdomoni niliyekuwa nikimweka kwenye kila kadi ya harusi, hata ya wale ambao ndugu zao walikuwa hawasalimiani. Ni maneno matupu, ili simu yako ikusomee ukiwa kwenye boti, kwa ile sauti yake ya kike ya Kifaransa inayotamka Kiswahili chetu kama sista mzungu aliyeteremka bandarini jana. Naona haya kidogo. Bila mapambo najisikia kama nimetoka barabarani na kaptula ya kulalia.

Mambo ya nguo, ya dawa, ya upande gani ukae kwenye boti, mama yako ameyasema mpaka mbuzi wa jirani wanayajua kwa moyo. Mimi sina la kuongeza huko. Nitakuambia namna nilivyokuwa mjinga. Katika somo hilo mimi ni profesa.

Kabla ya vita, kazi yangu ilikuwa kupendezesha karatasi. Mtu anakuja, anakaa kwenye benchi, ananiambia shida yake, mimi naipiga kwenye mashine, hii kompyuta yangu kuukuu, anaipeleka kwa shefu wa mtaa kutiwa kashe, ule muhuri wake. Unajua vile watu wetu walivyo. Karatasi isiyo na kashe hapa Kalemie ni ya kufungia karanga. Simu za kisasa zilipokuja, sikubadilisha kitu. Niliichapa karatasi, ikatiwa kashe, nikaipiga picha, nikaituma picha, ili kila mtu aone kashe. Na nyumbani kwangu mwenyewe alikuwamo binti ambaye surua ilimchukua macho kabla hajaota meno ya mbele, na simu yake ilipofika kwenye kazi ya baba yake ilisema neno moja, "Imaji," ikanyamaza.

Ukaniuliza, "Papa, umeandika nini?" Nikawa nakusomea. Nilifikiri huo ndio upendo, na kwa sehemu ulikuwa upendo. Lakini sikiliza nikuambie: ilinipendeza pia kwamba ulinihitaji. Dunia ilikufikia kwa kinywa changu, na nilipochoka, dunia ilifunga duka.

Kisha vita vikashuka. Wenye mishale walipigana na wenye bunduki, wenye bunduki wakachoma vijiji vya wenye mishale, na baadaye hakuna aliyejua nani ni nani. Kila mmoja alikuwa na panga. Watu waliingia mjini kwa kufuata reli, wamebeba magodoro yenye damu. Unakumbuka yule mwalimu aliyesimama mlangoni mwa biro? Wewe ulisikia tu kwamba hasemi. Mshale ulikuwa umevunjikia kwenye taya lake. Nilimpa maji kwenye kikombe, akanywa, na maji yakatoka kwenye tundu la shavu na kuteremka mpaka kwenye shati. Akaniinamia kichwa, kunishukuru. Nilicheka, Mwajuma. Sijui kwa nini. Kuna woga unaotoka kwa mlango usio wake.

Wakati huo shefu aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, kutuonyesha njia zipi zinapitika. Kurasa za kuonyesha ukutani nilizitengeneza mimi. Niliazima projekta. Nilichora ramani, nyekundu kwa hatari, kijani kwa salama, na majina ya vijiji nikayafuta kwa sababu herufi ziliharibu uzuri wa ramani. Hayo niliyafanya nikiwa na akili timamu.

Shefu akasimama, uso ukutani, mgongo kwa watu, akaanza na fimbo yake: "Kama munavyoona, hapa, hapana. Huku, hapana kabisa. Kule munaweza kupita, lakini mapema."

Ukanyoosha mkono. "Papa Shefu, hapa ni wapi?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Hapa njo pale kwenye nyekundu, dada!"

Ukumbi ukacheka. Na mimi mwenye ramani nilicheka nao, nikakunong'oneza, "Nyamaza, nitakuelezea nyumbani." Jioni ile walichoma nyumba za kilimani, tukaanza kubeba ndoo za maji, na sikukuelezea.

Pembeni yako alikaa Ngoy, fundi wetu wa cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, kiziwi tangu tumboni mwa mama yake. Yeye aliona nyekundu yote, lakini alimwona shefu kisogo tu, na midomo ya mtu haisomeki kwenye kisogo. Majina nilikuwa nimeyafuta. Mkatoka nyote wawili kwenye mkutano wa usalama kama mlivyoingia. Mlikuwa mnazungumza kwa mtindo wenu: wewe unamgeukia na kusema polepole, yeye anakuandikia herufi kwa kidole kwenye kiganja. Mama za mtaa walisema mnapendana. Mimi nilisema hapana, hao wanatusengenya sisi, tazameni wanavyocheka.

Asubuhi iliyofuata mliondoka pamoja. Ngoy alikuwa na gunia la sare za watoto wa kambini, upande wa barabara ya Niemba. Wewe ulimfuata kwenda kumwona shangazi yako aliyekimbilia kambi hiyohiyo. Mimi nilikuwa bironi, nimelala juu ya mikono. Nilijua umetoka. Sikujua umeelekea wapi, kwa sababu uliniaga nami nikajibu "ee" bila kuinua kichwa.

Akaja mtu wa pikipiki. Mgongo wake wote ulikuwa umefunguliwa kwa panga, nyama iko wazi, na bado ameendesha mpaka mjini. Alimwambia shefu kwamba watu wanakusanyika kwenye matanuru ya matofali, kando ya barabara ya Niemba, wengi, wana mishale na bunduki. Halafu akaanguka na pikipiki yake, injini inaendelea kunguruma juu ya mguu wake.

Shefu aliingia kwangu mbio. "Papa Mwajuma, andika! Andika mbio!"

Nikaandika. Hapo ningeweza kutuma. Maneno yalikuwa tayari kwenye mashine: matanuru, barabara ya Niemba, msipite, rudini. Lakini nikatafuta fremu. Nikatafuta fremu nyekundu, mwanangu, iwe inafanana na hatari. Nikachapa. Shefu akatoa kashe, kidau cha wino kilikuwa kimekauka, akakitemea mate, akagonga, haikutoka vizuri, akagonga tena. Nikapiga picha. Kivuli cha kichwa changu kilianguka juu ya karatasi, nikapiga nyingine.

Shefu alikuwa na makundi mawili kwenye simu. Moja la wakubwa na watu wa biro, linalopewa karatasi. La pili la soko na mafundi, linalopewa sauti yake, maana alisema hao hawapendi kusoma. Picha ikaenda kwa kundi la kwanza, ambamo nilikuwa nimekuingiza kwa majivuno, binti wa sekretere. Sauti ikaenda kwa kundi la pili, alimokuwa Ngoy. Nikamwambia shefu, "Hapo hatujamwacha mtu." Nilisema hivyo. Nilipangusa mikono kabisa, kama mtu aliyemaliza kuosha sahani.

Basi mlikuwa mnatembea, na tahadhari iliwafikia. Simu yako ikasema, "Imaji." Ulidhani ni yale maua ya kila asubuhi, waridi na kikombe cha kahawa na neno bonjuru, ambayo wakubwa wa kundi wanatumiana kana kwamba hakuna vita. Ukairudisha kwenye mkoba. Simu ya Ngoy ikatetemeka mfukoni. Akaona ule mstari mdogo wa sauti, akainua mabega. Wewe ulikuwa na picha ambayo yeye angeisoma. Yeye alikuwa na sauti ambayo wewe ungeisikia. Mlitembea hivyo, bega kwa bega, mpaka kwenye matanuru.

Lililotokea huko unalijua kwa masikio na mimi nalijua kwa macho, na hatujawahi kuunganisha hayo mawili. Kama hutaki, bonyeza simu iruke aya moja. Nimeifupisha kwa ajili hiyo.

Ngoy aliwaona wakitoka kwenye majani. Angeweza kukimbia, miguu alikuwa nayo, ulikuwa unamlalamikia kila siku kwamba anatembea kama mwizi wa kuku. Hakukimbia. Alishika mkono wako, akaufungua, akaandika L, akaandika A, akaandika L, akaandika A. Ulisema alibonyeza mpaka kucha ikakata ngozi. Akakusukuma kwenye shimo la udongo wa matofali, akakutupia gunia la sare. Halafu ukasikia sauti ambayo hujawahi kuisikia, ukafikiri ni mnyama. Ilikuwa yeye. Alikuwa anakimbia kwenda upande mwingine na kupiga kelele kwa koo lake lote, ili wamfuate. Wakamfuata. Nilimkuta nyuma ya tanuru la tatu, mshale mgongoni, wa pili kwenye paja, na shingo wameipiga panga mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Mkono wa kulia haukuwa pamoja naye. Kulikuwa na wengine barabarani: mama wa mkaa aliyepigwa risasi ya jicho, na watoto wake wawili, kichwa cha mdogo kimelala ndani ya sufuria. Nzi walikuwa wamefika kabla yetu.

Mama yako ndiye aliyetuambia mlikoelekea, tukaja na askari na vijana wa mtaa. Nililiita jina lako, hukujibu, na ulifanya vizuri, kwa sababu wale nao walikuwa wakiita watu kwa majina. Nilipita juu ya shimo lile mara mbili. Ndipo mkono wa sare ya mtoto ukatikisika.

Nilipokuvuta nje, neno lako la kwanza lilikuwa, "Papa, Ngoy iko wapi?"

Nikasema, "Yuko kule."

Ukanipiga ngumi ya kifua. "Kule ni wapi? Kule ni wapi, Papa?"

Sina shule nyingine niliyosoma zaidi ya ngumi ile.

Simu ya Ngoy waliiokota vijana kwenye majani. Ulisikiliza ile sauti ya shefu ambayo haikuwa imefunguliwa, yote, mpaka alipokohoa mwishoni. Kisha ukanipa simu yako, ukasema, "Sasa nisomee maua yako." Nikasoma. Kwa wiki nyingi hukunisemesha, na mama yako alitubebea ujumbe kutoka chumba hadi chumba kama tarishi wa zamani. Sikukulaumu. Hata mimi sikuwa nikijisemesha.

Halafu ukaja bironi, ukatafuta benchi kwa mguu, ukakaa. "Papa, fungua mashine."

Nilikuwa mwanafunzi mbaya, kubali. Niliandika kichwa cha habari kwa herufi nene, ukanicheka: "Umekinenepesha tu! Sauti haijui kwamba ni kichwa. Iambie mashine ni kichwa." Nilipanga majina ya watu kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka yakakaa sawa kama askari, na simu yako ikayasoma kama mlevi, jina la huyu na kijiji cha yule. Niliweka picha ya daraja lililovunjika, ukauliza, "Picha inasema nini?" Nikasema, "Inaonekana wazi." Ukanisukumia mashine. Nikaandika chini yake: daraja limekatika katikati, mtu hawezi kupita. Ulinifanya nimwambie shefu kwamba anapozungumza awageukie watu, aseme matanuru, aseme Niemba, na "hapa" aiache nyumbani kwake. Na kila sauti anayoituma ifuatane na maneno yake yaliyoandikwa, na yote yaende kwa makundi yote mawili.

Shefu aligoma. "Bila kashe nani ataamini? Hata muhuni anaweza kuandika."

Ulimjibu wewe, si mimi. Mimi nilikuwa natafuta kalamu chini ya meza. "Papa Shefu, wale wa panga hawakuomba kashe."

Akakubali maneno yatangulie na kashe ifuate nyuma kwa wanaoipenda. Na walipotushambulia tena kilimani, nyumba ziliungua zote, ya fundi seremala ikaungua na mbwa wake ndani, risasi zilitoboa mabati ya msikiti. Lakini watu walikuwa wameshashuka ziwani. Yule mzee kipofu wa karibu na reli aliongoza familia yake mwenyewe, simu sikioni, akiwafokea waharakishe. Alisema siku ile ndiyo ya kwanza hakuna aliyemburuta.

Sasa hao watu wa Bukavu wamekuita. Wanatuma tahadhari kwa kambi nyingi, na wanataka hakuna tahadhari itoke kabla hujaisikiliza. Unajua nilivyopokea habari. Nilisema Bukavu wanapigana. Ukasema, "Na hapa Papa, wanacheza ngoma?" Nilisema huna mtu huko. Ukasema ndiyo maana unaenda. Nikamtafuta mama yako aniunge mkono, nikamkuta anashona mfuko wa ndani kwenye sketi yako ya safari. Niliyaita yote hayo hofu ya baba, na ilikuwa hofu kweli. Lakini chini ya hofu kulikuwa na mtu wa benchi anayetaka kuendelea kusomea binti yake.

Watakuambia ni haraka. Kila mara watakuambia ni haraka, tuma hivyohivyo, tutarekebisha baadaye. Mimi naijua haraka. Siku ile tulikuwa na haraka sana, na bado tulipata muda wa fremu, wa wino, wa mate, wa kupiga picha mara ya pili kwa sababu ya kivuli. Haraka haikosi muda. Inauweka inapopenda. Wakikuita mama wa kuchelewesha, waitikie, kisha wafanye upya.

Hawatakupenda, si mwanzoni. Mtu aliyezoea kupongezwa kwa kurasa zenye rangi hafurahi kuulizwa kipofu atapata nini humo. Nakuomba usiwachukie. Wengi wao si watu wabaya. Ni watu wema wenye fremu, kama baba yako, na sisi ndio tunaoua bila hata kunyanyua sauti. Wacheke kidogo. Mimi ulinicheka na nikajifunza; ungenihubiria ningezima mashine.

Na Ngoy usimbebe kama mzigo. Alikuwa na nafasi ya kuandika neno moja tu, akaliandika mahali ambapo ungelisoma. Hakukuandikia ulipe.

Jenereta imeanza kukohoa, kwa hiyo niseme nilichokuwa nakizunguka tangu juu. Siku itakuja, Mungu aicheleweshe, utakuwa umekaa kwenye meza yako huko, na sauti ya simu itasoma jina la Kalemie. Utasikia mtaa wetu. Mkono wako utataka kunipigia mimi kwanza. Nakujua, na mkono wangu ungetaka vilevile.

Usinipigie.

Isikilize mpaka mwisho. Hakikisha pametajwa wapi, na njia ipi iko wazi, na kwamba asiyeona anaisikia na asiyesikia anaisoma. Kisha itume kwa watu wote. Mimi na mama yako tutaipata humohumo, pamoja na watu.

Baba yako